Zahanati Ipo, Mwuguzi Atakaa Wapi?



Katika pande zetu hizi za Handeni na Korogwe, yapo maneno tunayoyasikia karibu kila tunapokutana kuzungumzia haki ya afya: "Tuliletewa mwuguzi, akakaa miezi michache, akaondoka." Wanaoyasema huyasema kwa hasira, nao wana sababu. Mjamzito anayebebwa usiku kwa pikipiki katika njia ya mashimo, kwa kuwa mlango wa zahanati ya kijiji chake una kufuli, amenyimwa kitu kilicho haki yake. Hatutaki kulipunguzia lalamiko hilo uzito wake. Lakini yatupasa kuuliza upande wa pili pia, kwa maana hakuna baraza la wazee wenye busara linalotoa hukumu baada ya kumsikiliza mlalamikaji peke yake. Huyo aliyeondoka alikuta nini alipofika?

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa kumi na wawili tu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali iligeuza uso wake kuelekea vijijini, ikafundisha waganga wasaidizi na wakunga kwa wingi, na zahanati zikaanza kuonekana mahali ambapo hapo awali palikuwa na mti wa mkutano tu. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, uliojulikana kwa kifupi kama MMAM, wenye nia ya kuweka zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Wananchi waliitika. Walisomba mawe, walifyatua matofali, walichanga mifuko ya saruji. Majengo mengi tunayoyaona leo yana jasho la waamini wetu na la jirani zetu Waislamu, wakifanya kazi bega kwa bega.

Hata hivyo, katika kujenga tulianza na chumba cha mgonjwa, tukamsahau yule wa kumtibu. Nyumba ya mtumishi iliandikwa mwisho wa orodha, na fedha aghalabu huisha kabla ya mwisho wa orodha.

Hebu tumtazame msichana wa miaka ishirini na minne, aliyetoka chuoni na barua yake ya ajira. Anashuka katika basi Mkata au Korogwe mjini, anapanda bodaboda na begi lake na godoro, anafika kijijini jioni. Anaonyeshwa chumba cha kupanga nyuma ya duka, mlango wa bati, choo cha kushirikiana na wapangaji wengine. Maji ananunua kwa dumu. Usiku wa pili anagongewa: yupo mzazi. Anatoka peke yake gizani, anakesha, na asubuhi foleni ya watoto wenye homa inamngoja kama kwamba amelala usiku kucha. Akienda mjini siku moja kufuatilia mshahara ambao haujaingia, zahanati inafungwa, kwa sababu yuko peke yake. Na akirudi anakuta ameshaitwa mtoro. Je, dada huyu akiomba uhamisho, tumwite mvivu?

Hapo wapo watakaotukumbusha habari ya wito. Kazi ya kuuguza ni wito, nasi hatulikani hilo. Lakini yafaa tuulizane: kigango kinapoomba kuwa parokia, Baba Askofu huuliza nini? Huuliza kama ipo nyumba ya mapadre. Waamini hawaoni swali hilo kuwa la ajabu, wala hawasemi kwamba padre mwenye wito wa kweli angelala sakristia. Hujenga nyumba, hutafuta tangi la maji, ndipo padre huletwa. Sasa kama mwenye kuhudumia roho huandaliwa kitanda kabla hajafika, kwa nini mkunga, ambaye huitwa usiku mara nyingi kuliko padre, aambiwe aje na imani tu?

Tusielewe vibaya mintarafu wilaya zetu. Si kweli kwamba hapa hapakaliki. Korogwe ni njia panda: barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapita hapo, na treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam, iliyokuwa imekoma kwa zaidi ya miaka ishirini, ilirudi kupita katika reli hiyo mwishoni mwa mwaka 2019. Upande wa milimani kuna baridi, mboga na chemchemi. Upande wa bondeni mpunga na mkonge. Mtu mwenye mshahara mdogo hula vizuri Korogwe kuliko anavyokula Dar es Salaam. Handeni nayo ina ardhi ya kutosha, ina mahindi mvua ikijalia, ina asali na mifugo, na ina watu wakarimu. Mtumishi akijaliwa shamba la ekari mbili na jirani wema huanza kuwa mwenyeji. Lami ya kutoka Korogwe hadi Handeni mjini na kuendelea hadi Mkata imefupisha safari ambayo zamani ilikuwa ya vumbi au ya tope, kutegemea majira.

Lakini Handeni ina kiu. Mradi wa maji wa HTM, uletao maji kutoka Mto Pangani, ni wa miaka ya 1970, na watu wameongezeka mara nyingi tangu hapo. Juni 2022 Serikali ilitia sahihi mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India, na Handeni na Korogwe zimo katika miji hiyo. Mwezi huohuo familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Kuhamishwa huko kuna suala lake zito la haki, ambalo tahariri hii fupi haiwezi kulibeba; hapa tunasema jambo moja tu, kwamba kila familia inayofika ni wagonjwa, wazazi na watoto wa chanjo wanaoongezeka juu ya mabega yaleyale. Zahanati isiyo na maji ni hatari kwa mzazi na kwa mkunga wake sawasawa. Kwa hiyo asiyejali bomba la maji asidai kwamba anajali vifo vya wajawazito.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo humwondoa mtumishi hata pale nyumba ilipo nzuri. Ni kukosa njia ya kupanda. Zamani ngazi ilionekana wazi. Mganga msaidizi wa kijijini alisoma akawa tabibu; tabibu akiisha kufanya kazi miaka kadhaa alikwenda Ifakara au Moshi, akarudi daktari msaidizi mwenye uwezo wa kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Madaktari wasaidizi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya nchini, na uchunguzi ulionyesha kwamba kazi yao ilikuwa njema. Mafunzo yao yakasitishwa katika miaka hii ya karibuni, kwa hoja kwamba sasa tunao madaktari kamili wa kutosha kutoka vyuo vikuu. Huenda hoja hiyo ina ukweli wake mijini. Kwa tabibu wa kijijini mwenye watoto watatu na cheti cha kidato cha nne, ngazi imeondolewa ukutani naye yuko katikati.

Semina nazo huwafikia walio karibu na ofisi. Aliye mbali hawezi kuacha kituo, na barua ya mwaliko humfikia siku semina inapofungwa. Kupandishwa daraja kwake huchelewa kwa kuwa hana wa kufuatilia jalada lake. Hivyo aliyevumilia zaidi hulipwa kwa kusahauliwa, na vijana wanaona, nao hujifunza kutovumilia.

Wala si lazima iwe hivyo, kwani mfano mzuri tunao nyumbani. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake Korogwe, jirani na Hospitali ya Magunga. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilipojaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo kumi na kimoja vya nchi saba za Afrika, vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani lilipoipitisha chanjo hiyo Oktoba 2021, watoto wetu na wazazi wao walikuwa na sehemu yao katika habari hiyo. Wauguzi, matabibu na wataalamu wa maabara walijifunza Korogwe kazi ya kiwango cha dunia pasipo kuvuka bahari. Kumbe mtu aweza kukua katika taaluma yake akiwa Korogwe, ili mradi kuwe na kitu cha kukua nacho. Tungependa kuona wauguzi wa zahanati za mbali wakipewa zamu ya kujifunza katika mahali kama hapo, kisha warudi vituoni na ujuzi huo, na cheo kinachoufuata.

Ni ajabu ya kusikitisha kwamba upungufu huu upo ilhali vijana waliosomea afya wanakaa nyumbani bila kazi. Katika miaka ya 1990, chini ya masharti ya kurekebisha uchumi, Serikali ilizuia ajira, na wahitimu wengi wakaenda kuuza maduka ya dawa. Mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, watumishi wengi wa mikataba waliokuwa wakihudumia wagonjwa wa UKIMWI nchini walijikuta hawana kazi. Mwaka 2001 huko Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Mwananchi ana haki ya kumwuliza mbunge wake ahadi hiyo imefika wapi.

Kipimo hiki hatukiweki kwa Serikali peke yake. Makanisa yana hospitali na zahanati nyingi nchini, na tangu mapatano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na Makanisa sehemu ya mzigo huo hubebwa kwa pamoja. Katikati ya miaka ya 2000 Serikali ilipofungua tena ajira na kuongeza mishahara, watumishi wengi wa hospitali za makanisa nchini walihamia huko, wakifuata mshahara na pensheni ya uhakika. Wapo waliowaita wasaliti. Papa Leo XIII alikwisha fundisha mwaka 1891 kwamba ujira wa haki ni ule unaomwezesha mtenda kazi kuishi kwa heshima, hata kama yeye mwenyewe amekubali pungufu yake kwa shida. Fundisho hilo halina kifungu kinachoisamehe hospitali kwa sababu ina msalaba juu ya paa.

Vilevile shida za mtumishi hazimpi ruhusa ya kumtoza mgonjwa. Mkunga anayedai fedha ya glavu kwa mama ambaye kwa sera ya nchi huhudumiwa bure, au anayemtukana mzazi kwa kuchelewa kufika, amekosa, nasi tunawahimiza waamini wapeleke malalamiko hayo mbele kwa jina na tarehe. Kunung'unika gulioni hakumsaidii mgonjwa anayefuata.

Sasa tuseme yaliyo mikononi mwetu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hutumwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo chenyewe, na kamati ya kituo, ambamo wananchi huchaguliwa, ndiyo yenye kuidhinisha matumizi. Ni walei wangapi wanaowajua wajumbe wa kamati yao? Wanaume hukwepa kugombea nafasi hizo kwa kuwa hazina posho nono. Akina mama wa WAWATA wajitokeze. Pili, tusomeshe wa kwetu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2010 lilisema waziwazi kwamba mwanafunzi aliyezaliwa kijijini ana mwelekeo mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi kijijini. Chuo cha uuguzi kipo Korogwe, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ya Serikali imeanza kuwafikia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wa fani za afya wakiwamo. Binti wa Kizigua au wa Kisambaa aliyefaulu sayansi asiachwe aolewe kwa sababu ya kukosa nauli ya kwenda kufanya usaili. Jumuiya hushindwa kuchanga kiasi hicho?

Wahudumu wa afya wa jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 31, 2024, ukilenga kuwafikia 137,294 katika miaka mitano, ni msaada mkubwa, kwani wao ni wenyeji. Hata hivyo, hawawezi kuchukua nafasi ya mkunga.

Tatu, nyumba. Vijiji huandaa mipango yao kabla halmashauri hazijafunga bajeti ya mwaka unaoanza Julai mosi, na mara nyingi maamuzi hayo hupita katika mkutano wa kijiji wenye watu wachache. Tunawaomba wenyeviti wa Jumuiya waulize sasa kwa mtendaji wa kijiji tarehe ya mkutano huo, waitangaze siku ya Dominika baada ya Misa, na waende na jambo moja lililokubaliwa: nyumba ya mtumishi yenye tangi la maji ya mvua, choo chake na mlango unaofungwa, iandikwe namba moja, kabla ya chumba kingine chochote cha zahanati. Muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika, na nakala yake iletwe kwa katibu wa Tume parokiani.