Mwandishi wa riwaya si mwalimu wa zamu

Riwaya teule iliyopita mikononi mwa wanafunzi wawili watatu kabla ya kutua kwa muuza vitabu vya mitumba katikati ya Nairobi huwa na maandishi ya aina mbili. Kuna yaliyopigwa chapa, na kuna ya penseli pembezoni: "tashbihi", "kinaya", "mbinu rejeshi", "maudhui: ufisadi". Mhusika anafiwa na mama yake, analia, anamwita mara tatu, na kando ya kilio hicho mkono wa kitoto umeandika "takriri" na kupigia mstari. Mtoto huyo hana kosa. Anajua kwamba maneno hayohayo yanaweza kumrudia kwenye karatasi ya mtihani, aambiwe aeleze muktadha wa dondoo, alama 4.

Kosa linaanza pale mwandishi naye anapoandika huku akiiona penseli ile.

Na wengi wanaiona. Soko kubwa la riwaya ya Kiswahili ni shule. Nchini Kenya, kitabu kikiteuliwa kwa mtihani wa kidato cha nne husomwa na kila mtahiniwa kwa miaka kadhaa, na miongozo yake huchapishwa chapuchapu ikauzwa bega kwa bega nacho. Kisipoteuliwa, huenda kikazeekea ghalani. Mchapishaji anayepokea mswada hawezi kujifanya halijui hilo, na mwandishi mwenye karo ya kulipa analijua zaidi. Basi anatoa kinachotarajiwa: dhamira inayoonekana kutoka mbali, methali kila kurasa mbili, mwovu aliyeadhibiwa kabla kitabu hakijafungwa. Hata majina yanatoa hukumu mapema. Mlafi anaitwa kwa ulafi wake na mwadilifu kwa uadilifu wake, na msomaji anajua wa kumpenda na wa kumchukia kabla yeyote hajafungua kinywa.

Wanaotetea mtindo huu humtaja Shaaban Robert, na wana haki ya kumtaja. Katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, mshtakiwa ni Karama na mshtaki wake ni Majivuno. Lakini majina yale yalikuwa na kazi. Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza, na Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Nchi ya kufikirika yenye watu wa mafumbo ilimpa nafasi ya kusema kuhusu sheria na dhuluma mambo ambayo karani Mwafrika asingeweza kuyasema waziwazi ofisini. Walioiga baadaye walichukua majina, wakaiacha sababu yake.

Ken Walibora, aliyefariki Nairobi mwezi Aprili 2020, anaonyesha tofauti hii ndani ya kazi zake mwenyewe. Kidagaa Kimemwozea, iliyosomwa na watahiniwa wengi wa Kenya, ina Mtemi Nasaba Bora na Mwalimu Majisifu, na kejeli yake ni kali na ya kufurahisha. Hata hivyo, Siku Njema ya mwaka 1996 ndiyo inayobaki moyoni. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kitale, anasimulia safari kwa kinywa chake, anakosea, anaumia, anaona haya. Hakuna anayesimama nyuma yake na kiboko. Msomaji anatembea naye kwa sababu anataka kujua kama mtu huyu atafika.

Euphrase Kezilahabi alithubutu zaidi. Alikuwa hajafikisha miaka 30 Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971. Zakaria, mlevi wa Ukerewe, anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Anamlinda kwa mkono mzito, na binti akishatoka nje ya mkono ule hajui kujishika mwenyewe. Mwalimu wa zamu angesimamisha hadithi hapo awaonye wasichana. Kezilahabi anaendelea kusimulia. Anatuachia baba mwenye hofu na mtoto anayezama, na swali la nani alaumiwe linabaki kwa msomaji, zito kama gunia la mpunga. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda. Leo historia ya riwaya ya Kiswahili haielezeki bila kukitaja.

Adam Shafi naye, katika Vuta N'kuvute ya 1999, anampa Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, nafasi ya kuukimbia unyumba huo na kuingia katika maisha ya Waswahili wa Ng'ambo, Unguja. Mwandishi hamkemei popote. Anamfuata tu, kwa jicho la mtu anayeijua mitaa ile, sauti zake na siri zake, na mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza hadithi hiyo kuwa filamu.

Waandishi hawa na wa kabla yao walipata wapi ujasiri? Jibu moja halina mapambo: walikuwa na mishahara ya kazi nyingine. Muhammed Said Abdulla, aliyemzaa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, alifanya kazi ya ukaguzi wa afya Zanzibar kisha akawa mhariri. Kezilahabi alifundisha chuo kikuu. Waliandika usiku, au likizo, au baada ya saa za kazi, na kwa kuwa ugali wa nyumbani haukutegemea kamati yoyote, hawakulazimika kuipendeza kamati. Kijana wa leo anayeweka matumaini yake yote kwenye orodha ya vitabu teule anauza uhuru huo kabla hajaandika sentensi ya kwanza. Ni afadhali afundishe, ashone, aendeshe bodaboda, na aandike anachokiona kweli.

Riwaya kusomwa shuleni si dhambi. Bila shule, wengi wasingemjua hata Shaaban Robert. Kinachohitajika ni kamati za uteuzi zisiogope kitabu ambacho mwovu wake hakuadhibiwa, na wahariri wawe na moyo wa kufuta aya ambamo mwandishi ameacha hadithi na kuanza kuhubiri. Mwalimu wa fasihi naye anaweza, walau kwa kipindi kimoja kwa juma, kuwaambia wanafunzi waweke penseli chini, kisha awasomee sura nzima kwa sauti bila kuuliza swali.

Na wewe uliyemaliza shule miaka kumi iliyopita na hujafungua riwaya ya Kiswahili tangu siku ya mtihani, pita dukani mwisho wa mwezi huu ununue moja ambayo hakuna atakayekutahini kwayo.