Kihisi cha Joto la Hewa Kikae Wapi katika Injini?

Gari litokalo Kyela kwenda Tukuyu huianza safari karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, mita zipatazo 475 juu ya bahari, na kuimalizia penye mita zipatazo 1,500. Huko chini hewa ni ya joto, lakini kanieneo yake ni kubwa. Huko juu ni ya ubaridi na ukungu, na kanieneo imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Katika safari ya saa moja na ushei, injini hulazimika kuvuta hewa za namna mbili, na kila moja ina kipimo chake cha petroli.

Zamani kabureta ilifanya kazi hiyo kwa kukisia. Siku hizi ni kompyuta ndogo ya gari, nayo hutegemea habari inayoletewa. Katika injini nyingi, kihisi kimoja huipa kanieneo na kingine, ambacho mafundi hukiita sensa ya hewa, huipa halijoto. Mwanafunzi aliyesoma kanuni za gesi ataona mara moja sababu yake: kanieneo ikiwa ileile, hewa ya moto huwa na tungamo dogo kuliko hewa baridi ya ujazo uleule. Ndani ya kihisi mna themista, kipande ambacho ukinzani wake hupungua kadiri kinavyopata joto. Katika aina moja ya kawaida ukinzani huwa omu zipatazo 2,500 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na hushuka hadi omu zipatazo 300 kwenye nyuzi 80.

Mzozo huanza pale injini ya asili inapotolewa na nyingine ya mtumba kuwekwa mahali pake. Mabomba hayalingani, na tundu la kihisi halipo lilipokuwa. Fundi mmoja hukikaza kwenye chuma cha manifoldi kwa kuwa amekuta tundu lenye hesi; mwingine hukifunga kwa waya chini ya boneti na kuliondoa gari. Wote wawili husema kwamba madamu taa ya hitilafu haiwaki, kazi ni njema. Hoja hiyo haifai. Taa hiyo huwaka waya ukikatika au kipimo kikivuka mipaka. Haiwezi kujua kwamba kihisi kinapima kitu kingine.

Tuseme hewa inayoingia ina nyuzi 25, lakini kihisi, kwa kupashwa na chuma, kinasema 60. Katika kipimo cha Kelvini hizo ni 298 na 333. Gawanya: kompyuta itadhani hewa imepungua kwa asilimia 10, nayo itapunguza petroli kwa kiasi hichohicho. Kwenye tambarare, kihisi cha oksijeni kilichomo katika bomba la moshi husahihisha kosa hilo. Mlimani, kanyagio likiwa limekanyagwa hadi mwisho, kompyuta nyingi huacha kukisikiliza. Hapo ndipo gari lenye shehena ya ndizi huishiwa nguvu na injini kupata joto la kupita kiasi.

Wako wanaotetea manifoldi kwa hoja yenye uzito: hewa hupata joto humo kabla ya kuingia katika silinda, hivyo kipimo cha nje huwa pungufu. Ni kweli, hasa gari likiwa limesimama huku injini inanguruma. Lakini katika kupanda hewa hupita kwa kasi na kuokota joto kidogo tu, ilhali kihisi kilichokazwa kwenye chuma hubaki na joto la chuma. Penye nafuu zaidi ni katika bomba la plastiki au mpira, baada ya chujio na karibu na mlango wa hewa wa injini, ncha yake ikiwa katikati ya mkondo. Penye tabo, kikae baada ya kipoza hewa. (Kumfunga rezista badala ya kihisi, ili kompyuta idanganyike kuwa hewa ni baridi daima, ni kuharibu mali ya mwenye gari.)

Waalimu wanaweza kulifananisha jambo hili na kibanda cheupe cha hali ya hewa, ambamo kipimajoto hukingwa na jua na kuinuliwa mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini ili kipime hewa, si udongo wala ukuta.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha, kipimo cha kihisi kilingane na cha kipimajoto cha kawaida. Kisha gari liendeshwe, lizimwe kwa robo saa na kuwashwa tena: kipimo kitakuwa juu. Likianza kupanda, kishuke ndani ya dakika chache. Kisiposhuka, kihisi kitolewe hapo kilipo.