Mto ni Njia, Si Jaa

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufungwa kwa likizo ya Desemba, kuna wazazi wa hapa Nyeri ambao huniuliza swali lile lile. Watoto wao wanasafiri kwa basi kwenda kuitembelea Mombasa, nao wangependa kujua iwapo bahari ni salama kuogelea. Kwa nini swali hilo aletewe mwalimu wa isimu sijui. Labda kwa kuwa ninafundisha Kiswahili, watu hudhani kwamba bahari nayo imo katika somo langu. Hata hivyo, ni swali la haki. Sehemu kubwa ya jiji la Mombasa haijaunganishwa na mabomba ya maji taka, na uchafu mwingi huishia katika hori zinazokizunguka kisiwa. Mzazi anayeuliza anatimiza wajibu wake.

Linalonishangaza ni kwamba katika miaka yote hiyo hapana mzazi hata mmoja aliyewahi kuniuliza iwapo mto Chania ni salama. Mtoto wa Nyeri huiona bahari mara moja kwa mwaka, akibahatika. Mtoni huingia kila Jumamosi ya jua. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako, lakini sisi macho yetu tumeyaelekeza mbali, kwenye mawimbi ya Nyali na Bamburi.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka 11, alishinda mchana kutwa akiogelea na wenzake katika mto mmoja, chini ya mojawapo ya miji yetu hii ya Mlima Kenya. Siku ya nne alishikwa na homa na kuhara damu, akalazwa. Mimi si daktari, wala siwezi kuapa kwamba ni mto uliomwangusha. Huenda ni chakula. Lakini nilipomuuliza kwa nini aliyanywa maji yale, alinijibu kwa mshangao wa kweli: "Mjomba, maji yale ni safi. Mtu anaona hadi changarawe za chini."

Jibu hilo limenikaa moyoni, kwa sababu mtoto yule alikuwa akitumia lugha kama tunavyoitumia sote. Kiswahili kinatupa maneno mawili, *safi* na *salama*, nasi tumeyafanya kuwa kitu kimoja. Usafi wa maji tunaupima kwa jicho. Usalama wake hauonekani kwa jicho. Bakteria wa kinyesi hawana rangi wala harufu, na maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo huku yamebeba homa ya matumbo na kuhara damu. Wapo pia wanaodai kwamba baridi ya mlimani huua magonjwa. Ukweli ni kinyume chake: bakteria wengi wa aina hiyo hudumu muda mrefu zaidi katika maji baridi kuliko katika maji ya vuguvugu.

Uchafu huo unatoka wapi? Hatuna haja ya kumtafuta mchawi. Unatoka katika vyoo vya shimo vilivyochimbwa karibu mno na kingo, katika mabomba ya maji taka yanayopasuka, katika mazizi ambayo mvua huyasafisha na kuyamwaga bondeni, na katika magari yanayooshwa katikati ya mkondo. Ndiyo maana saa za hatari kuliko zote ni zile zinazofuata mvua kubwa, wakati kila kilichokuwa juu ya ardhi kimeteremka. Ushauri unaotolewa katika nchi nyingi ni kwamba mtu asiogelee kwa siku moja au mbili, au hata zaidi, baada ya mvua kama hiyo. Nani amewaambia hayo vijana wetu, ambao huukimbilia mto hasa pale unapojaa?

Kuna pia kahawa, na hapa nasema kwa heshima, maana karo yangu ya shule ililipwa kwa kahawa. Buni inapomenywa, kuchachushwa na kuoshwa, maji yatokayo kiwandani huwa yamejaa sukari na utelezi wa tunda. Si sumu kwa maana ya kawaida. Lakini yakimwagwa mtoni kabla ya kutulizwa katika mashimo, vijidudu huyashambulia na kuitumia oksijeni yote iliyomo majini. Samaki hubaki bila pumzi. Msimu mkuu wa uvunaji ni Oktoba hadi Desemba, yaani wakati ule ule ambapo watoto wako nyumbani wakitafuta mahali pa kuogelea.

Anayeijua habari hiyo kuliko sisi sote ni trauti. Mayai ya samaki huyo yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kupandikizwa katika mito ya Nyandarua, na hadi leo kuna kituo cha serikali cha kumzalisha huko Kiganjo, kandokando ya mto Sagana. Trauti ni mwenyeji asiyestahimili fujo: anataka maji ya baridi yenye oksijeni tele. Palipo na trauti, mto bado una uhai. Anapotoweka, ametoa ushahidi, ingawa hakuna mahakama iliyomwita. Na mvuvi ajue jambo moja: samaki akipikwa vizuri, moto huua bakteria, lakini hauondoi dawa za mashambani wala madini mazito. Kwa hiyo swali la maji ya kuvulia si lile lile la maji ya kuogelea, nalo lahitaji vipimo vyake.

Nirudi kwenye somo langu. Husema "tupa mtoni" kama tusemavyo "tupa jaani" au "tupa shimoni". Sarufi ni ile ile; kiambishi *-ni* kinageuza jina kuwa mahali. Lakini jaa ni mahali pa mwisho. Taka ikifika pale, imefika. Mto hauna mwisho wa namna hiyo, kwa maana mto ni njia. Taka tunayodhani tumeitupa, kwa hakika tumeisafirisha. Chania hii ya Nyeri, ambayo isichanganywe na ile ya Thika, huishia katika Sagana, na Sagana ndiyo Tana. Maji hayo huingia katika bwawa la Masinga, yakashuka mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakapita Garissa na Hola, hata yakamwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini, ambako wenzetu huvua samaki na kamba. Mengi hutuama au huoza njiani, lakini si yote. Mzazi anayeihofia bahari basi akumbuke kwamba sehemu ya bahari hiyo imepitia uani mwake.

Je, sheria zinasemaje? Zinasema mengi, na zinasema vizuri. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya katika ibara ya 42, na haki ya maji safi na salama ya kutosha katika ibara ya 43. Tazama kwamba waliotunga Katiba walijua tofauti ya maneno yale mawili, wakayaandika yote. Kanuni za ubora wa maji zimekuwapo tangu 2006. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza ilipitishwa mwaka 2016. Zipo mamlaka za kusimamia mazingira na rasilimali za maji, na kuna serikali za kaunti zilizokabidhiwa huduma za maji na usafi.

Kinachokosekana ni daraja kati ya maabara na ukingo wa mto. Nimetembea kando ya mito mingi ya eneo hili, kutoka Nyeri hadi Karatina, Kerugoya na Nanyuki, na sijawahi kuona ubao hata mmoja unaomweleza mpita njia maji yale yalipimwa lini na yakakutwa na nini. Barani Ulaya, chini ya sheria yao ya mwaka 2006, daraja la juu la maji ya kuogelea ya mito na maziwa ni bakteria wa E. koli wasiozidi 500 katika mililita 100, na kwa maji ya pwani wasiozidi 250. Tena ubora wa maji hubandikwa pale pale watu wanapovulia nguo. Mwogeleaji haombi ruhusa ya kusoma ripoti. Ripoti inamngoja ukingoni.

Ninaloomba ni hilo tu. Kila mahali panapojulikana kwamba watoto huogelea, watu huvua au makanisa hubatiza, papimwe kwa ratiba, hasa wakati wa mvua na wakati wa kahawa, na matokeo yaandikwe ubaoni kwa Kiswahili na Kikuyu: *salama* au *si salama*, pamoja na tarehe. Gharama ya ubao haizidi ile ya bango moja la mwanasiasa.

Najua patakuwa na pingamizi. Wako watakaosema kwamba tutawatia watu hofu. Nami nauliza, tangu lini ujinga ukawa dawa ya hofu? Wako watakaosema kwamba tunamwonea mkulima wa kahawa, aliyekwisha kuonewa vya kutosha. Lakini mkulima huyo naye ana wajukuu, na wajukuu wake huogelea chini ya kiwanda, si juu yake. Kuchimba na kutunza mashimo ya kutuliza maji machafu ni kazi ambayo vyama vya ushirika vinaweza kuifanya, na wanachama wana haki ya kuidai katika mkutano wao wa mwaka.

Zamani vijana wa Kikuyu walioga mtoni alfajiri ya siku ya kutahiriwa, na baridi ya maji ndiyo iliyokuwa ganzi yao. Jamii iliwakabidhi kwa mto bila wasiwasi. Leo bado tunawakabidhi watoto wetu kwa mto ule ule, lakini hatumuulizi mtu yeyote umebeba nini. Desemba ijayo, mzazi akinijia na swali la bahari, nitamjibu kadiri ya uwezo wangu. Kisha nitamwomba twende pamoja katika ofisi inayohusika, tuulize habari za Chania.