Waja Leo, Waondoka Leo

Tanga ina msemo ambao mgeni huambiwa kabla hajamaliza kikombe chake cha kwanza cha kahawa: waja leo, waondoka majaaliwa. Kuja ni uamuzi wako, kuondoka hakuko tena mikononi mwako. Utaoa hapa, utajenga hapa, utazeeka hapa ukiendesha baiskeli taratibu kama sisi wengine. Ni majigambo ya mji, lakini ndani yake mna hesabu nzuri ya uchumi. Mgeni anayekaa hununua unga, hulipa kodi ya nyumba, hushona kanzu ya Idi, huandikisha mtoto shule.

Sasa yupo mgeni ambaye msemo huo haumhusu. Yeye huja saa 2 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni ya siku hiyohiyo, kwa meli yenye ghorofa zaidi ya kumi. Wakati wa UVIKO-19 alitoweka baharini, na sasa amerudi. Mombasa amepigiwa ngoma, Zanzibar amepigiwa ngoma, Dar es Salaam amepigiwa ngoma, na kila mara habari huandikwa kwa namna moja: meli fulani imeleta watalii elfu mbili. Ninasema kwamba sentensi hiyo si ya kweli, na kwamba kutokuwa kwake kweli kunatugharimu. Nasema pia kwamba Tanga, ambayo bado haijazizoea meli hizi, ina nafasi ya kufanya ambacho bandari nyingi huwa hazikifanyi: kuandika masharti kabla ngoma haijaanza.

Tuanze na neno lenyewe, watalii. Kwa kanuni za takwimu za Umoja wa Mataifa, mtalii ni mgeni anayelala angalau usiku mmoja mahali alipotembelea. Anayerudi melini kulala huwekwa kwenye kundi jingine, la wageni wa kutwa. Unaweza kudhani huu ni ubishi wa watu wa takwimu, lakini mwenye nyumba ya wageni pale Barabara ya Nne anaielewa tofauti hiyo kuliko profesa yeyote. Kitanda kisicholaliwa hakilipi.

Hebu tupige hesabu ya siku ya huyo mgeni. Meli inafunga kamba saa 2. Mpaka taratibu ziishe na watu waanze kushuka, saa 3 imefika. Ameonywa awe amerudi mapema kabla ya kung'oa nanga. Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, atayaona. Magofu ya Tongoni, kilomita 17 kusini, labda. Pangani atapelekwa mbiombio na kurudishwa mbiombio. Misitu ya Amani na milima ya Lushoto asahau.

Halafu piga hesabu ya pesa yake. Msafiri hutumia pesa kwa vitu vikubwa vitatu: kitanda, chakula na mizunguko. Kitanda na chakula huyu amevilipia kwao, pengine kabla hajajua Tanga iko upande gani wa ramani. Mizunguko ameuziwa ndani ya meli, na kampuni ya meli imeongeza faida yake juu ya bei aliyokubaliana na mwenye basi wa huku. Kinachobaki kwa mji ni soda, kikoi, kinyago na bakshishi. Sidharau bakshishi. Kwa dereva wa bajaji, siku ya meli ni siku njema, na mtu asiyelipa marejesho ya bajaji hana haki ya kumcheka. Lakini siku njema moja kwa mwezi haiwezi kuitwa sekta.

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020 walishuka hadi 620,867. Kufikia 2023 walikuwa 1,808,205, wengi kuliko kabla ya janga. Hawa waliotuinua hawakushuka kwenye ngazi za meli kubwa. Wengi mno walikuja kwa ndege na kwa mipaka ya nchi kavu, wakalala Arusha, Nungwi, Paje na kwingineko, wakala chakula kilichopikwa na watu tunaowajua. Hawakupigiwa ngoma.

Yako madai kwamba janga lilikuwa ajali ya mara moja katika karne, na kwamba meli zikisharudi zimerudi. Kumbukumbu ya pwani yetu inasema vingine. Novemba 2005, meli ya kitalii Seabourn Spirit ilishambuliwa na maharamia nje ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa. Haikufika, ilielekea Shelisheli. Miaka iliyofuata uharamia ukashamiri na meli nyingi zikalikwepa eneo letu. Zikarudi. Machi 2020 zikasimama dunia nzima. Zikarudi. Mwishoni mwa 2023 yakaanza mashambulizi ya Bahari ya Shamu, na kampuni zikaanza tena kufuta na kupindisha safari. Hiyo ni mara tatu ndani ya miaka 20. Meli ina injini, na hatari ikitokea itaitumia. Mji hauna injini. Gati, duka la vikoi, mkopo wa basi la watalii na kijana aliyejifunza Kitaliano vyote vinabaki palepale.

Tena meli haiwakimbii wenyeji peke yao. Mwaka 2020, abiria walipokwisha kurudishwa makwao, makumi ya maelfu ya wahudumu, wengi wao Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, walibaki wamekwama melini kwa wiki na miezi. Machi 2024, Norwegian Dawn, meli iliyokuwa imepita pwani ya Afrika Mashariki mapema mwaka huo, iliwaacha abiria wake 8 kisiwani São Tomé. Walichelewa kurudi kutoka matembezini. Walifika meli ikiwa bado ipo, wakakataliwa kupanda, wakaifukuzia nchi hadi nchi mpaka wakaipata Senegal. Kama hivyo ndivyo meli inavyomfanya mteja aliyelipa nauli kamili, muuza madafu wa Raskazone atarajie nini?

Sheria nayo inawasaidia kutokamatika. Mwaka 2020 Carnival ilikuwa imesajiliwa Panama, Royal Caribbean Liberia, Norwegian Bermuda, ingawa ofisi zao zote kuu zilikuwa Florida. Bunge la Marekani lilipopitisha fedha za kuokoa kampuni kubwa mwaka 2020, hizi hazikustahili, kwa kuwa kisheria hazikuwa za Marekani. Zilikuwa zimetumia miaka mingi kuhakikisha haziwi za mtu yeyote. Kampuni iliyomkwepa mtoza kodi wa Washington haitajileta yenyewe kwa Halmashauri ya Jiji la Tanga.

Na sisi wa Tanga tunaujua ugonjwa wa kutegemea kitu kinachoondoka. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka kwenye mashamba ya mkoa huu. Reli, gati, klabu na nyumba zenye veranda pana vilisimama juu ya mkonge. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, mashamba yakataifishwa na kuendeshwa ovyo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa tani 20,000 hivi. Nimekulia kwenye mabaki ya ndoto hiyo. Ukipita maghala ya zamani utaelewa kwa nini sitaki tuote nyingine ya aina ileile.

Lakini ndoto inakuja. Serikali imetumia shilingi bilioni 429.1 kuiboresha bandari ya Tanga. Kina cha lango kimeongezwa kutoka mita 3 hadi 13, na magati yenye urefu wa mita 450 yamejengwa. Zamani meli kubwa zilitia nanga zaidi ya kilomita moja na nusu nje, mizigo ikaletwa kwa matishari. Kazi hii ilifanywa kwa ajili ya mizigo, na ni kazi nzuri. Ila meli kubwa ya kitalii haihitaji zaidi ya mita 9 hivi za kina, na Tanga iko katikati ya Mombasa na Zanzibar, ambako meli hizo tayari zinapita. Barua ya kuomba gati haitachelewa kuja.

Wengine walilitumia janga kufikiri. Venice walipoona mifereji yao imetulia, Italia ikazipiga marufuku meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mbele ya Uwanja wa Mtakatifu Marko kuanzia Agosti 1, 2021. Key West, kisiwa kidogo cha Florida, wananchi walipiga kura Novemba 2020 kupunguza ukubwa wa meli na idadi ya wanaoshuka kwa siku. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaifuta kura yao. Funzo lake ni kwamba mji unaochelewa kuweka masharti hukuta wenye faida wameshazoea, na mtu akizoea faida huita masharti uadui.

Nitaambiwa kwamba tukiweka masharti meli zitabaki Mombasa. Zibaki. Tutakuwa tumekosa soda na vikoi. Lakini sidhani zitabaki zote, kwa sababu zinahitaji bandari kuliko zinavyokubali kusema. Februari 2020 Westerdam ilifukuzwa Japan, Taiwan, Guam, Ufilipino na Thailand. Iliyoipokea ni Kambodia, nchi maskini kuliko zote hizo. Meli isiyo na pa kutia nanga ni hoteli iliyopotea njia. Bandari ndiyo inayoifanya safari iwe safari.

Kwa hiyo masharti yawe haya. Kwanza, kila kichwa kinachoshuka kilipiwe tozo, nayo iende kwa halmashauri ya mahali kiliposhukia, na hesabu zake zibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata. Amsterdam inatoza abiria wa meli wanaopita tangu 2019, na bado meli zinaingia. Pili, meli inunue hapa: machungwa ya Muheza, samaki wa soko la Deep Sea, mboga za Lushoto. Mwaka 1498, jahazi la Vasco da Gama lilipokwama kwenye mafungu ya Mtangata, karibu na Tongoni, wenyeji waliwapelekea mabaharia machungwa, na mwandishi wa safari ile aliyasifu kuwa matamu kuliko ya Ureno. Kampuni ya leo haina kisingizio cha kuja na machungwa yake. Tatu, pawepo kikomo cha ukubwa wa meli na idadi ya wanaoshuka, kwa kuwa mlango wetu ni hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria. Nne, meli inayotaka gati ilale walau usiku mmoja, ili abiria wake wafike Pangani jioni na Amani asubuhi. Meli zetu za zamani zilikaa miezi. Majahazi yaliyoletwa na kaskazi yalisubiri kusi ili yarudi, na katika kusubiri huko watu walijifunza lugha, wakaoana, wakajenga misikiti. Meli za siku hizi nazo huja zaidi msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi. Hatuzidai miezi. Tunadai usiku mmoja.

Sharti la tano ndilo zito kuliko yote. Kabla hatujapaka rangi jengo la kupokelea wageni wa kutwa, tujenge pa kupandia na kushukia watu wa Tanga na Pemba. Hawa ndio abiria wa kweli wa maji haya: mama anayerudi Wete na mafurushi, mwanafunzi, mgonjwa, mfanyabiashara wa karafuu. Januari 2017, chombo kilichotoka Tanga kwenda Pemba kilizama karibu na kisiwa cha Jambe, na watu 12 wakafa, watoto wakiwamo. Jambe si mbali. Ukisimama ufukweni Raskazone siku isiyo na ukungu unakiona. Watu wale hawakuwa matembezini. Walikuwa wanakwenda kwao, kwa chombo walichoweza kukilipia.

Fedha ya gati la abiria ikipatikana Tanga, swali la kwanza liwe abiria gani. Wa Pemba wanavuka mwaka mzima, kaskazi na kusi, janga na bila janga, na hakuna mwaka ambao wameifuta safari kwa sababu soko limebadilika. Wao wapewe ngazi imara, maboya ya kutosha, kivuli na choo safi. Wakishapata hayo, wageni wa kutwa nao wakaribie, wapange foleni nyuma yao, na wasome masharti yakiwa yamebandikwa ukutani.