Uwanja wa Skuli Unauzwa na Nani?



Mkisikia kuwa uwanja wa skuli utauzwa, ulizeni kwanza: muuzaji ni nani? Sheria ya ardhi namba 12 ya mwaka 1992 yasema ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, imewekwa mkononi mwa Rais kwa manufaa ya watu. Basi mwalimu mkuu na kamati yake hawana ardhi ya kuuza. Na hata Serikali imewekeshwa tu, na mwekeshwa si mwenye mali. Kiwanja kikiwa cha wakfu, jambo ni zito zaidi: wakfu hauuzwi, hautolewi hiba, wala haurithiwi. Anunuaye kwa asiyemiliki amenunua kesi. Fedha zitaliwa mwaka mmoja. Watoto watakosa uwanja daima. Wazee, itakeni hati, isomwe hadharani!