Waliosiliba darasa la saba wanaendelea kusiliba chuo kikuu

Kila Novemba vyuo vikuu vya Tanzania vinapopokea mwaka wa kwanza, maneno ni yaleyale kwenye vyumba vya walimu: vijana hawajui Kiingereza, hawasomi, hawawezi kuandika insha ya kurasa tatu ikaeleweka. Yana ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba husemwa kana kwamba kijana aliamka tu siku moja akaamua kutojua. Mwandishi wa barua hii ni mwalimu wa lugha, amefundisha stadi za mawasiliano kwa miaka tisa, na malalamiko yake hayawahusu wanafunzi. Yanahusu jinsi vyuo vinavyolifundisha somo lilelile lililowekwa kwenye ratiba ili kuwasaidia.

Somo hilo ni la lazima, awe mwanafunzi anasomea sheria, uhasibu au kilimo. Katika chuo anakofundisha mwandishi, linapewa muhula mmoja, kwenye ukumbi unaojaa mpaka wengine wanakaa kwenye ngazi. Mhadhiri anashika kipaza sauti. Wiki ya kwanza ni maana ya mawasiliano, ya pili ni aina za usikilizaji, ya tatu ni vizuizi vya mawasiliano. Mwanafunzi ananunua desa (notisi zilizochapwa) kwenye steshenari ya nje ya geti, desa lilelile la kaka zake wa mwaka juzi, anakariri, na siku ya mtihani anasiliba (anatia kivuli) A, B, C au D. Anapata B nzuri tu katika somo la kusoma na kuandika, na hajaandika hata aya moja.

Kusiliba wamekuzoea tangu utotoni. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa mashine, na majibu yakawa ya kuchagua herufi. Mtoto aliweza kumaliza shule ya msingi na kuchaguliwa sekondari bila mtihani huo kumdai sentensi aliyoitunga mwenyewe, hata kwa Kiswahili. Ambaye hakurudia darasa kati ya waliofanya mtihani ule alifika chuo kikuu mwaka 2019. Kule katikati alipita sekondari, ambako lugha ya kufundishia inageuka ghafla kuwa Kiingereza kidato cha kwanza, baada ya miaka saba ya Kiswahili. Akiwa wa mchepuo wa sayansi, kidato cha tano na cha sita insha alikutana nazo hasa kwenye somo la General Studies, na mwalimu mwenye madarasa manne yaliyofurika alisahihisha alizoweza. Kijana huyo ndiye anayekabidhiwa makala ya kitaalamu ya kurasa ishirini wiki yake ya pili chuoni.

Wala tatizo hili si la jana. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari na baadaye chuo kikuu, lakini serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania ngazi kwa ngazi. Kwa wale wa chuo kikuu waliowapima, hawakufika asilimia 20 walioweza kusoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Wengi wa hao wa chuo kikuu leo wamestaafu. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2015 ilikifungulia Kiswahili mlango tena, lakini sekondari na vyuo vimeendelea na Kiingereza. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa na una wenyewe. Barua hii inawazungumzia vijana ambao tayari wamekaa ukumbini, na mtihani wao utakuja kwa Kiingereza wapende wasipende.

Je, wanafundishika? Wanafundishika sana, na kwa haraka kuliko wanavyodhaniwa.

Muhula mmoja mwandishi alikataa kungoja mtihani, akawaomba wanafunzi thelathini wa semina yake waandike ukurasa mmoja kila mmoja. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliandika: "Although it was raining, but we went to the field." Mwalimu akaizungushia "but" duara. Kijana akaja mezani, karatasi mkononi, amekereka kidogo.

"Madamu, hiyo 'but' imekosa nini?"

Mwalimu akamwomba aiseme sentensi yake kwa Kiswahili. Akaisema bila kufikiri: ingawa mvua ilikuwa inanyesha, lakini tulikwenda. Hapo ndipo sababu ilipoonekana. Kiswahili kinaruhusu "ingawa" na "lakini" vitembee pamoja. Kiingereza kinataka kimoja tu. Kijana aliitazama karatasi, akacheka, akarudi kukaa, na mwalimu akamwona anamwonyesha jirani yake. Kazi yote ilichukua dakika tatu. Miaka sita ya sekondari alikuwa akiandika hivyo, na hakuna aliyemwambia kosa linatoka wapi.

Makosa ya namna hii yanajulikana na yanahesabika. Wanaandika "the book which I read it" kwa sababu katika neno "nilichokisoma" kitabu kimetajwa mara mbili, kwenye "cho" na kwenye "ki". Wanachanganya "he" na "she" kwa sababu kwetu "yeye" ni mmoja, mwanamume au mwanamke. Wanaacha "the" mahali panapoitaka na kuiweka pasipoitaka, kwa kuwa Kiswahili hakina kitu kama hicho. Hawa si wajinga. Wanafikiri kwa lugha wanayoijua barabara, na anayewafundisha anapaswa kuanzia hapohapo. Lakini kosa halionekani mpaka kijana aandike, na halirekebishwi mpaka mtu asome alichoandika. Desa halina uwezo huo, hata lingekuwa na kurasa mia.

Kusoma ndiko kunakoumiza zaidi, kwa sababu mtu hakuoni. Mwandishi aliwahi kukaa na binti mmoja kwenye benchi la nje ya kantini wakipitia makala iliyohusu vijiji vya Ujamaa. Nakala yake ilijaa penseli: juu ya kila neno gumu alikuwa ameandika maana yake, moja moja, kwa msaada wa simu. Alikuwa amefanya kazi ya usiku kucha. Alipoulizwa mwandishi wa makala anasema nini, akajibu kwamba anasema vijiji viliongeza mavuno. Kumbe mwandishi yule alitumia kurasa mbili za mwanzo kueleza madai ya watu wengine, kisha kurasa zote zilizofuata akayapinga. Binti alikuwa na maana ya kila neno, na hoja ilikuwa imempita. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba maneno madogo kama "however", na hata "it has been claimed", ndiyo yanayomwambia msomaji sasa nani anazungumza. Alipoonyeshwa, alirudi ukurasa wa kwanza mwenyewe na kuanza kuyapigia mstari. Kwenye insha yake ya kozi alikuwa tayari amepewa sifuri kwa "kutoelewa matini".

Walimu nao wasibebeshwe lawama peke yao. Mwenye wanafunzi 300 akitumia dakika 15 kwa kila insha, insha moja tu kwa kila mwanafunzi inamlia saa 75, yaani zaidi ya siku tisa za kazi bila kufanya kitu kingine. Katika chuo hiki usahihishaji haumo kwenye hesabu ya mzigo wa kazi. Kinachohesabiwa ni vipindi vya kusimama mbele ya ukumbi. Kwa hiyo somo hupewa mgeni wa idara, au anayefundisha kwa mkataba wa muda, na yeye anachagua kusilibisha ili amalize kabla ya tarehe ya kupeleka matokeo.

Hesabu inaweza kupangwa vingine. Wanafunzi 300 wakigawanywa vikundi vya 25, ni vikundi kumi na viwili. Walimu wanne, wakiwemo wanafunzi wa uzamili wanaolipwa, wakichukua vikundi vitatu kila mmoja, insha moja itamchukua mwalimu saa 19 hivi, kazi inayobebeka ndani ya wiki mbili. Insha tatu kwa muhula, kila moja irudishwe ikiwa na maelezo na kuandikwa upya. Mhadhara wa aina za usikilizaji unaweza kufutwa kesho na hakuna atakayepungukiwa.

Wapo wanaoona aibu chuo kikuu kufundisha kusoma na kuandika, wakisema hiyo ni kazi ya sekondari. Chuo Kikuu cha Harvard, ambako wengi wamezaliwa na Kiingereza mdomoni, kimekuwa kikidai kozi ya uandishi kwa wanafunzi wake tangu 1872, na leo kinaifundisha katika vikundi vya watu kama 15. Hata hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kitengo cha stadi za mawasiliano tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu wahadhiri wa wakati ule waliona hitaji na wakalikubali. Kilichopotea njiani ni idadi ya wanafunzi ambao mwalimu mmoja anaweza kuwasomea kazi zao.

Matokeo yake yanaonekana mwaka wa tatu, ripoti ya utafiti inapodaiwa. Pembeni ya geti kuna mtu anayeandika ripoti kwa malipo, na wanafunzi wanamjua kwa jina. Sehemu ya boom, pesa ya mkopo ya kujikimu, iliyokusudiwa chakula na kodi inaishia kwake. Asiyemudu anaingiza swali kwenye programu ya akili unde, anachapa, anakabidhi. Wote wawili wanaitwa wadanganyifu, na kweli wanadanganya. Lakini chuo kilichowadai kurasa hamsini hakikuwahi kuwarudishia hata ukurasa mmoja ukiwa na wino wa mwalimu.

Yule kijana wa "although" hakwenda getini. Mwaka wa tatu alimletea mwandishi pendekezo la utafiti wake, kurasa nne, akiomba lisomwe. Lilikuwa na makosa mengi, na hoja yake ilieleweka kuanzia aya ya kwanza. Kosa lile la mwaka wa kwanza halikuwemo.

Ombi ni hili, Ndugu Mhariri, na linaelekezwa kwa wakuu wa vyuo na kwa Tume ya Vyuo Vikuu inayopitisha mitaala. Mtaala wa stadi za mawasiliano unapoletwa mezani, wasiishie kuuliza mada ngapi zitafundishwa. Waulize kila mwanafunzi ataandika insha ngapi, nani atazisoma, na zitamrudia baada ya siku ngapi. Majibu yapatikane kabla ya Novemba, kwa sababu mwaka wa kwanza wanaokuja tayari wako nyumbani wanasubiri majina ya waliopata mikopo.

Mwalimu wa lugha,
Dodoma.
(Jina limehifadhiwa)