Siku tano katika dawati la darasa la kwanza

 

Mwezi uliopita kamati yetu ya msikiti ilipokea barua fupi kutoka shule ya msingi iliyo jirani yetu. Mwalimu wa darasa la kwanza alieleza kwa adabu kwamba baadhi ya watoto wa madrasa yetu wanasinzia darasani, akaomba tuliangalie jambo hilo. Barua ilisomwa kikaoni baada ya Swala ya Isha, na kikao kikachafuka. Mzee mmoja, ninayemheshimu kama baba yangu mzazi, alisema hiyo ni njia ya kuipiga vita madrasa. Mwingine akasema watoto wa siku hizi wameharibiwa na televisheni, wala madrasa haihusiki.

Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa na aibu yangu. Ratiba inayowaweka watoto madrasa tangu Swala ya Alfajiri hadi saa 12 na nusu asubuhi niliiandika mimi, miaka miwili iliyopita, na nilipongezwa kwayo. Hatimaye kikao kiliamua kuwa kabla ya kuijibu barua, katibu aende akashuhudie. Mwalimu mkuu aliridhia, nami nikakaa nyuma ya darasa lile kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Jumatatu nilikuta watoto 83 katika chumba kimoja, wanne wanne kila dawati. Walisimama wote kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu," na mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akawaitikia. Elimu ya darasa la kwanza na la pili nchini mwetu imejengwa juu ya mambo matatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Siku hiyo walijifunza kuunganisha sauti za herufi hadi zikawa silabi, na silabi zikawa neno. Niliikumbuka alifu niliyoandikiwa na maalim wangu nikiwa na umri kama wao. Kazi ni ile ile: mtoto anaingia hajui alifu kwa kijiti, anatoka na ufunguo mkononi.

Kabla ya saa 3 nilikuwa nimehesabu watoto tisa waliosinzia. Saba walikuwa wetu. Mmoja alilala kabisa, penseli ikamponyoka ikaviringika hadi miguuni pangu. Mwalimu hakumkaripia. Alimwendea, akamgusa bega, akampa kazi ya kufuta ubao ili mwili uchangamke.

Jumanne walihesabu kwa vizibo vya soda. Katika darasa lile yumo mvulana ambaye kwetu madrasa tumezoea kumwita mzito. Asubuhi ile alikuwa mzito kweli kweli: hakuweza kuvitenga vizibo sita. Saa 4 ikagongwa kengele ya uji, unaopikwa kwa mahindi yanayochangwa na wazazi. Aliporudi darasani, mvulana yule yule alitenga vizibo kumi na viwili, akavigawa mafungu matatu, akamsahihisha na jirani yake. Wakati wa kutoka nilimuuliza alikula nini alfajiri. Akanitazama kama niliyemuuliza jambo la ajabu. Anatoka madrasa saa 12 na nusu, anakimbia nyumbani kubadili nguo, saa 1 na robo awe shuleni. Chai ataipata saa ngapi?

Jumatano alirejea binti mmoja aliyekuwa msibani. Bibi yake, ndiye aliyemlea, alikuwa amefariki. Mwalimu alimsimamisha mbele akawaambia wenzake, "Mwenzenu amefiwa." Watoto 82 wakasema "Pole" kwa sauti moja, Waislamu na Wakristo. Binti hakuwa na penseli. Katika pilikapilika za msiba hakuna aliyekumbuka. Jirani yake wa dawati, mtoto wa familia ya Kikristo, aliivunja yake vipande viwili, akampa kile chenye ncha. Kisha mwalimu akauliza ni nani atakayemwonyesha mwenzake yaliyosomwa siku tatu alizokosa. Mikono ikajaa hewani.

Ndugu msomaji, hapo niliinamisha kichwa. Kwetu madrasa, mtoto aliyekosa siku tatu aghalabu hutanguliwa na fimbo, swali likafuata nyuma. Nami ni miongoni mwa walioyaona hayo na wasiseme neno.

Alhamisi walisinzia wanane. Jioni yake niliwatembelea wazazi wa watoto watatu, kwa kuwa sikutaka kuirudisha lawama yote kwa madrasa kabla sijaona upande wa pili. Nyumba ya kwanza, televisheni huzimwa saa 4 usiku na chumba ni kimoja. Ya pili, mama huuza chapati hadi usiku na mtoto humsubiri barazani. Ya tatu, baba alikiri hajui mwanawe hulala saa ngapi. Hivyo yule mzee wa televisheni naye alikuwa na sehemu yake ya haki.

Tufanye hesabu ya darasa la kwanza. Wataalamu wa afya wanapendekeza mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kati ya saa 9 na saa 12 katika kila siku. Anayelala saa 4 usiku na kuamshwa saa 10 na nusu alfajiri amelala saa 6 na nusu tu. Upungufu huo ukijirudia kila siku, mtoto huonekana mjinga ilhali amechoka.

Ijumaa ndiyo iliyonipa jawabu. Kama ilivyo desturi ya vyuo vyetu tangu zamani, madrasa hupumzika tangu Alhamisi jioni na siku ya Ijumaa, basi alfajiri ile watoto hawakuwa na darsa. Nilikaa na daftari langu tangu asubuhi hadi saa 5. Katika watoto wetu hakusinzia hata mmoja. Kipindi cha dini kilipofika, kile ambacho shule hutuachia tuwafundishe watoto wetu, yule tuliyemwita mzito alisimama akasoma Surat al-Asr kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake, na hakukosea pahala.

Ripoti yangu niliisoma kikaoni usiku ule ule. Niliomba darsa la alfajiri liondolewe kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, na nafasi yake ichukuliwe na vipindi vya asubuhi Jumamosi na Jumapili. Mzee wangu alipinga. Alisema mtoto wa miaka saba ndiye tuliyeamrishwa kumfundisha Swala, na asipozoea Alfajiri sasa hataizoea ukubwani. Ni hoja nzito, na nilimjibu kwa heshima: mtoto na aamshwe, aswali pamoja na wazazi wake, kisha apate chai na utulivu kabla ya shule. Swala ya Alfajiri ni rakaa mbili. Darsa la saa nzima na zaidi kwa tumbo tupu tumeliongeza sisi wenyewe.

Wapo pia waliosema elimu ya shule si yetu. Niliwakumbusha wanayoyasimulia wanazuoni wa sira kuhusu mateka wa Badr, mwaka wa 2 Hijria. Miongoni mwao waliokuwa hawana mali ya kujikomboa lakini wanajua kuandika, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Kiansari. Walimu wale walikuwa washirikina waliotoka vitani, na bado Mtume (SAW) hakuidharau herufi waliyoifundisha. Seuze mwalimu huyu jirani, aliyetuandikia kwa kuwahurumia watoto wetu?

Kikao kilikubali ratiba mpya kwa muhula mmoja, kisha tutapima. Sitaficha gharama yake: watoto wadogo watachelewa kidogo kukhitimu juzuu, na baadhi ya wazazi wameshalalamika. Tumekubaliana pia kwamba ustadhi atamsikiliza mtoto kabla ya kumwadhibu, na kwamba msikiti utachangia gunia la mahindi katika uji wa shule, unaonywewa na watoto wote bila kuulizwa dini zao. Mzee wangu hakuafiki ratiba, lakini mchango wa kwanza wa mahindi ulitoka mfukoni mwake.

Kwako mzazi, nina maombi matatu. Jua mwanao analala saa ngapi. Asitoke nyumbani bila ya kitu tumboni, japo kikombe cha chai na kipande cha muhogo. Na mara moja kwa mwezi, nenda ukakae nyuma ya darasa lake, la shule na la madrasa. Mimi nilikuwa nikiwaandikia ratiba watoto ambao sikuwa nimewatazama.

Jumatatu iliyofuata nilipita dirishani kwa mwalimu kumpelekea majibu ya barua. Alinionyesha kwa kidole dawati la tatu. Mvulana wetu alikuwa wima ubaoni, chaki mkononi, akiandika jina lake.

Wabillahi tawfiq.